Pimbi Anahamia Kiganjani

Kwenye runinga ya inchi hamsini, kibandani kwa Mzee Mchome, Majengo,
pimbi wetu alikuwa na mlima mzima.
Aliruka kutoka mgomba hadi mgomba, akavuka mifereji,
akadandia mawe yenye kuvu ya kijani,
na nyuma yake kilele kilikaa, cheupe, hakifanyi kazi,
kinakula kumbukumbu
kama mgeni wa siku ya saba ambaye hajapewa jembe.

Sasa nimeambiwa: mhamishe.
Mashine yenyewe inaingia mfuko wa shati,
kioo chake nakifunika kwa kitambulisho.
Aliyewahi kuhama nyumba ya vyumba vinne
kwenda chumba kimoja Pasua, choo cha pamoja,
ananielewa:
kabati halipiti mlangoni.
Unalipima. Unalipima tena, kana kwamba usiku lilikonda.

Nilianza na ndege. Walikuwa kumi na mmoja;
nikabakiza wawili, wanapokezana zamu.
Maji ya mfereji yalitiririka kwa picha ishirini na nne,
nikayaachia tatu.
Ukikodoa macho unaona yana kigugumizi.
Pimbi nikamnyoa manyoya.
Sauti ya miguu yake kwenye majani makavu
nikaibana hadi ikawa mtu anayetafuna bisi chumba cha pili.

Ila kuruka sikugusa.
Kuruka ni kuruka, vidole vinajua.
Mcheleweshe hewani nusu ya nusu ya sekunde,
mtoto wa Majengo atakwambia, "Huyu siye."

Usiku wa nne bado nimezidi. Kilobaiti mia tatu na kumi.
Nikampigia Anankira, ndiye aliyekichora kilele,
wiki tatu, kila ufa wa barafu kwa mkono.
Nikasema, mlima lazima utoke.
Kimya. Nikasikia anaweka kikombe.
"Utoke uende wapi?"
Tukagombana mpaka salio likaisha,
langu, kisha lake.

Asubuhi nikafungua mlango kumwaga majani ya chai.
Mtaa wote ulikuwepo: nguo za jirani, bodaboda isiyo na tairi,
kuku wa Mama Elinaja wakigombea ganda la parachichi,
na kaskazini, palipo na mlima mrefu kuliko yote barani,
wingu tu.
La kijivu, bapa, rangi moja.
"Haujatoka," akasema Mama Elinaja, hata hakuinua kichwa.
Siku ya sita hiyo.
Wenye maduka walikuwa wamekwisha kufungua.

Nikacheka peke yangu, chujio mkononi.
Rangi moja! Wingu la rangi moja halili kitu.

Nikafunika.
Ikabaki nafasi kiduchu, kama chenji ya mkate,
nikamnunulia Anankira sekunde mbili:
kilele cha rangi nne, kidogo kama ukucha.
Ukiachia vitufe vyote, usiguse chochote,
ukahesabu hadi thelathini,
wingu linapasuka, kinachungulia,
linafumba.
Sikuandika popote kwamba kipo.

Nikampa Naftali, mjukuu wa Mzee Mchome, aijaribu.
Alicheza saa nzima bila kupepesa,
akafika mwisho, akasema, "Anaruka vizuri,"
akaomba chaja.
Hakuona kitu.

Dada yake Nakiete akafa mara tisa kwenye mfereji wa kwanza,
akasonya, akaiweka juu ya gunia la mkaa
akainamia jiko kugeuza ndizi zisiungue.
Akageuka, koleo mkononi.
Akaganda.
"Dada, kuna kitu kilitokea humu. Kimeondoka."
Akanitazama, kisha mashine, kisha mimi.
"Nimeiharibu?"